Zamu ya Farasi Milimani Lesotho

Ukitoka Maseru kuelekea mashariki, milima haikungoji mbali. Unapanda kwanza Lekhalo la Baroa, mita 2,268 juu ya usawa wa bahari. Barabara inashuka kidogo kana kwamba inakupa nafasi ya kumeza mate, kisha inajikunja tena na kupanda hadi mita 2,318. Mahali hapo Wasotho walipaita Molimo Nthuse, yaani Mungu nisaidie, na aliyewahi kupita hapo na lori lenye mzigo haulizi kwa nini. Mbele yake kuna mlima mwingine mrefu zaidi, lakini huu ndio walioupigia dua.

Huko huko juu, kando ya barabara, ndipo kilipowekwa kituo cha kupandisha wageni farasi. Mradi wenyewe ulianza kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kwa msaada wa serikali ya Ireland. Mgeni angeshuka kwenye gari, angepewa farasi mdogo mpole na mwongozaji anayezijua njia, angekwenda mpaka maporomoko ya Qiloane na kurudi baada ya saa chache. Mwenye mapaja magumu angekwenda siku mbili tatu, akalala kijijini kwenye nyumba ya msonge, akala pap, ugali wa huko, na mboga, akarudi na hadithi. Andiko la mradi wa namna hiyo ukilisoma huoni pa kukosoa. Farasi wapo na milima ipo. Wageni nao wako hapo ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini, wana magari na fedha, tena loti ya Lesotho inakwenda sawa kwa sawa na randi. Kilichobaki ni kuwakutanisha tu.

Mimi ni mtu wa miradi. Nimeandika maandiko, nimejaza majedwali, nimekaa kwenye semina za tathmini nikinywa chai ya saa nne pamoja na maandazi ya mfadhili. Kwa hiyo farasi wa Lesotho wamenivutia kwa sababu isiyowahusu sana farasi wenyewe. Katika nchi ile ndogo, yenye kilomita za mraba 30,355 tu na iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, wazo moja lilijaribiwa kwa njia mbili. Kwa njia moja farasi alikuwa wa mradi, na kwa njia nyingine alikuwa wa mwenyewe. Tofauti ya matokeo inatosha kumnyima usingizi mtu yeyote aliyewahi kuandika neno "uendelevu" kwenye ripoti.

Lakini kwanza farasi mwenyewe, maana kwetu Afrika Mashariki hatukukua naye. Ndorobo walimzuia sehemu nyingi, na palipokosa ndorobo palikuwa na ugonjwa wa farasi unaosambazwa na vijidudu vya jamii ya usubi. Ndiyo maana farasi, ambaye hata jina lake tulilipokea kwa Waarabu, alibaki mnyama wa masultani Unguja, wa walowezi Kenya, na wa methali. Lesotho ni kisa kingine. Hakuna hata kipande cha nchi hiyo kilicho chini ya mita 1,400, na baridi ya milimani huwapunguza usubi hao. Farasi aliyefikishwa kule juu alikuta mahali pa kuishi.

Alifikishwa na historia ndefu. Waholanzi wa Kampuni ya Mashariki ya India walileta farasi Rasi ya Tumaini Jema kutoka Java mwaka 1653, na wazao wa hao wakasambaa na wafugaji kuelekea ndani. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyejichimbia kwenye mlima wa Thaba Bosiu tangu 1824 akiwakusanya watu waliotawanywa na vita, aliwaona farasi hao chini ya maadui zake na hakuchukua muda kuelewa. Miaka ya 1830 ilipoanza tayari alikuwa na wake. Desemba 1852, Jenerali Cathcart alipoingia uwanda wa Berea na jeshi la Waingereza kudai ng'ombe, alikutana na Wasotho wapatao 6,000 waliopanda farasi, wengi wakiwa na bunduki. Jenerali aliona heri aondoke na ng'ombe aliokwisha kuwapata. Ni watu wachache sana barani waliogeuka taifa la wapanda farasi ndani ya umri wa mtoto mmoja kukua na kuoa.

Milima ilimfinyanga mnyama. Alizidi kuwa mfupi, miguu ikakakamaa, kwato zikawa ngumu, akajifunza kushuka mteremko wa mawe ambao mtu mzima angeuteremka kwa makalio. Vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, vilikaribia kumkomesha. Waingereza waliwahitaji farasi wagumu, Wasotho waliwauza kwa maelfu, na walioondoka walikuwa wale bora. Baadaye kukaja kuchanganywa damu ovyo, malisho kuchakaa, na ukame mkali wa 1932 na 1933. Ndipo unapoelewa wasiwasi wa waliobuni mradi miongo kadhaa baadaye: farasi aliyewekwa kwenye nembo ya taifa, wawili wakiishika ngao yenye mamba, alikuwa anapotea huku watu wakimwangalia.

Basi mradi ukapewa kazi mbili. Kwanza kuiokoa mbegu, yaani kuwatafuta madume na majike wazuri, kuwatunza, kuandika ukoo wao, na kuirudisha damu njema vijijini. Pili kuleta wageni ili farasi alipe, na wananchi waone faida ya kumtunza. Waswahili tuna methali ya jambo hili, na kwa bahati inamtaja mnyama yule yule: mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Tazama jinsi inavyopasua. Farasi wa kuokoa mbegu ni dume lenye moto, linalochezesha masikio, linalonusa upepo na kulia likiona jike upande wa pili wa bonde. Ukimpandisha juu yake mhasibu kutoka Johannesburg ambaye mara ya mwisho alipanda ngamia wa bustani ya watoto, utamwokota korongoni. Farasi wa mgeni ni wa tabia ya kinyume kabisa. Amehasiwa, umri umekwenda, hana haraka, hufuata mkia wa mwenzake aliye mbele na kusimama mwenzake akisimama. Yaani mnyama anayekuza jina la mradi kwa wageni ni yule asiyeweza kuacha uzao. Ukitaka wote wawili, unahitaji mazizi mawili, malisho mawili na wafanyakazi wa aina mbili, chini ya bajeti moja.

Halafu kuna malisho. Lesotho ardhi ya kulishia si mali ya mtu. Majira ya joto mifugo hupelekwa vituo vya juu milimani, na karibu na vijiji chifu hutenga sehemu zinazopumzishwa, ziitwazo maboella, ambazo mchunga akiingiza mnyama kabla ya ruhusa anatozwa. Utaratibu huo una akili na umedumu vizazi. Lakini hauna ukuta. Jike la mtu linachunga pamoja na farasi wa kijiji kizima, na dume litakalomfikia ni lile lililo karibu, si lile lililoandikwa kwenye daftari la ukoo. Ili mbegu ya mradi ishinde, ingebidi wanakijiji wote wahasi madume yao. Muulize mwanamume yeyote wa milimani, ambaye dume lake limeshinda mbio za majira ya baridi pale Semonkong, kama yuko tayari. Wakati huo kaa mbali kidogo.

Na kuna hesabu ya chakula, ambayo ndiyo inayoua miradi mingi ya wanyama pole pole bila kelele. Farasi anakula siku 365. Mgeni haji siku 365. Juni hadi Agosti kuna theluji na upepo unaokata masikio. Desemba hadi Februari mvua hujaza mito na vivuko havipitiki. Farasi wa kituo, asiye na kazi nyingine duniani ila kumngoja mgeni, anakula siku zote hizo kwa gharama ya kituo, anatibiwa, anatunzwa na saisi anayelipwa mshahara awepo mgeni asiwepo. Mfadhili akiwa bado yupo, pengo hilo halionekani. Linafichwa na fungu la uendeshaji. Akiondoka, pengo linatoa kichwa. Lesotho ndiyo nchi ya kwanza ambayo Ireland ilianza nayo mpango wake wa misaada, mwaka 1975, na urafiki huo ulikuwa wa kweli. Hata hivyo mwaka 2014 ubalozi wa Ireland Maseru ulifungwa. Wafadhili huondoka, na hilo si kosa lao. Kosa ni kupanga kana kwamba hawataondoka.

Sasa twende kusini, upande wa Malealea. Unafika kwa kupitia mlima mwingine, mita 2,001, ambao mwenye duka wa zamani aliupa jina la Lango la Peponi, na kwa hili sina ugomvi naye. Duka hilo lilifunguliwa mwaka 1905. Wafanyabiashara wa aina hiyo walitapakaa nchini wakinunua sufu na nafaka, wakiuza blanketi, chumvi na mafuta ya taa, na wateja wao walifika kwa farasi. Mwaka 1986 duka la Malealea lilianza kugeuka nyumba ya wageni. Wageni walipotaka kwenda kuona maporomoko ya Ribaneng, ya Ketane, au kuvuka milima kwa siku kadhaa mpaka Semonkong, wenye nyumba ya wageni hawakujenga zizi wala kununua kundi. Waliwageukia majirani wenye farasi.

Jambo hilo ni dogo kulisimulia, lakini kila kitu kimo humo. Mwanakijiji anamleta farasi wake zamu yake inapofika. Mgeni analipia farasi, fedha zinamwendea mwenye farasi. Analipia mwongozaji, ambaye ni kijana wa kijiji hicho au cha jirani. Akilala njiani analipia msonge wa kulala, fedha zinabaki kijiji alicholala. Jioni zamu ikiisha, farasi anarudi kwao, na kesho anaendelea na maisha yake: kubeba gunia la mahindi kwenda mashine, kumpeleka bibi kliniki, kumchukua mjomba kwenye maziko bonde la tatu, kumfuatilia ng'ombe aliyeibwa. Mgeni analipia siku moja. Siku nyingine zote zinalipwa na kazi nyingine. Hakuna fungu la uendeshaji kwa sababu uendeshaji ni maisha ya kaya yenyewe.

Semonkong nako, kwenye maporomoko ya Maletsunyane yanayoanguka mita 192 na kurusha ule ukungu uliolipa eneo jina lake, mahali pa moshi, hali ni hiyo hiyo. Siku ya soko utaona farasi wamefungwa nje ya maduka kama kwetu bodaboda zinavyopangwa nje ya kituo cha basi. Wanaume wamejifunga blanketi za sufu kwa pini kubwa mabegani, wengine na kofia ya majani ya mokorotlo, wananunua sukari na betri, wanapanda, wanaondoka. Hakuna aliyewapanga wamfurahishe mpiga picha. Mgeni anayepanda farasi pale amekuwa abiria wa usafiri ambao ungekuwepo hata asingezaliwa.

Sitaki nipake rangi. Zamu ina fitina zake, na mtu yeyote aliyewahi kuishi na foleni anazijua: farasi wa fulani ameitwa mara mbili wiki hii, wa kwangu hajaitwa, au yule kijana anayeshika orodha ni mpwa wa nani? Tena mwenye farasi si maskini wa mwisho wa kijiji. Mjane asiye na mnyama hapati chochote kwenye zamu. Mlango wake ni msonge wa kulaza wageni au mkate anaouoka, na milango hiyo ni michache. Malealea vijana wengine walijipatia nafasi kwa kwaya na bendi inayopiga ala zilizotengenezwa kwa madebe ya mafuta, wakiwatumbuiza wageni jioni. Ni ubunifu mzuri. Ila wote, wenye farasi, wenye misonge na wenye madebe, wanategemea lango moja ambalo mgeni anaingilia, na lango hilo ni la mtu binafsi. Akiamua kesho kuuza, hakuna mkutano wa kijiji utakaomzuia.

Na farasi mwenyewe nani anamsemea? Hapa ndipo kila andiko la utalii wa farasi nililowahi kuliona linaponyamaza. Wajuzi wengi wa farasi hutumia kipimo cha moja ya tano: mnyama asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, mpandaji pamoja na tandiko. Farasi mdogo wa milimani mwenye kilo 350 ana haki ya kubeba kilo 70. Mgeni wa kilo 100, pamoja na tandiko na mkoba wake wa kamera, anataka farasi wa zaidi ya kilo 500, na huyo Lesotho si wa kawaida. Mwenye farasi anaona kabisa kwamba mgeni ni mzito. Lakini zamu yake imefika leo, haitafika tena mpaka sijui lini, na ada ya shule inadaiwa. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kidonda cha mgongoni chini ya tandiko hakionekani mpaka tandiko liondolewe, na linaondolewa mgeni akiwa ameshakwenda kuoga.

Mzani mmoja wa jukwaa, tandiko zuri lenye pedi nene, na bwana mifugo anayepita mara moja kwa mwezi: vitu hivyo vitatu vingefanya kazi kubwa kuliko jengo lolote la mapokezi. Lakini kwenye sherehe ya uzinduzi utepe unakatwa mlangoni kwa jengo. Sijawahi kumwona waziri akikatia utepe pedi ya tandiko.

Ile barabara ya Molimo Nthuse, ukiifuata mpaka ndani kabisa, inakufikisha Thaba-Tseka. Mtu wa miradi hawezi kulitamka jina hilo bila kukohoa kidogo. Pale, kuanzia 1975 hadi 1984, Kanada na Benki ya Dunia ziligharimia mradi mkubwa wa maendeleo ya milimani: mazao, mifugo bora, malisho yaliyozungushiwa uzio, utawala wa karibu. Mwanaanthropolojia James Ferguson alikwenda kuishi na watu wa huko, na kitabu alichokitoa mwaka 1990, The Anti-Politics Machine, kikawa mwiba kwenye kiti cha kila mtaalamu. Alionyesha kwamba mradi uliwachukulia Wasotho kama wakulima waliojitenga na soko wakisubiri barabara, wakati kaya hizo ziliishi kwa mishahara ya wanaume waliokuwa kwenye migodi ya Afrika Kusini kwa vizazi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji wa Kisotho huko walizidi 100,000. Ng'ombe wao hawakuwa bidhaa iliyokosa mnunuzi, walikuwa benki ya mchimbaji, akiba asiyoweza kuila kila mwisho wa wiki akiwa mbali. Ukimwambia auze wengi abakize wachache walio bora, unamwambia avunje benki. Uzio ulikatwa, mifugo ikaingia. Kilichobaki baada ya wataalamu kuondoka kilikuwa barabara, na ofisi za serikali mwisho wa barabara hiyo.

Ferguson hakuandika kuhusu wageni na farasi. Ila nikikisoma kitabu chake huku nikifikiria kile kituo cha kando ya barabara, naona swali ni moja. Kabla ya kuuliza farasi anaweza kutuletea nini, nani aliulizwa farasi huyu anafanya nini sasa hivi? Aliyejibu swali hilo kwa usahihi ni mwenye duka wa Malealea, kwa sababu wateja wake walikuwa wakiwafunga farasi hao mbele ya macho yake kila siku. Hakuhitaji upembuzi yakinifu.

Wala kumtumia mnyama aliye na kazi yake tayari si siri ya Afrika peke yake. Huu mtindo wa kuwachukua wageni kwa farasi wadogo milimani ulipata umaarufu Uskoti, kijiji cha Newtonmore, mwaka 1952, kwa juhudi za Ewan Ormiston. Farasi wa kule walikuwa na kazi yao: majira ya kuwinda walibeba mizoga ya kulungu kutoka milimani. Majira ya joto, wageni wanapofurika, hawakuwa na la kufanya. Ormiston aliona farasi walioshiba wamesimama bure, na watalii wanaotembea kwa miguu. Mnyama alikuwa ameshalipiwa na kulungu.

Nasi tunao mfano wetu usioandikwa kwenye kabrasha lolote. Lamu, punda ndiye lori. Anabeba mchanga, mawe, saruji na mitungi kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Watalii wanasafiri kutoka Ulaya kuja kumpiga picha, na picha hiyo haimgharimu mwenye punda hata thumni, kwa sababu punda yuko kazini. Ila angalau kule tangu 1987 kuna hospitali ya punda inayotibu vidonda bure, ambayo ni zaidi ya walicho nacho farasi wengi wa milimani.

Sisemi haya kwa kujiona. Miaka iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya mradi mmoja wa mizinga ya kisasa ya nyuki, wilaya gani haina haja kuitaja. Tuligawa mizinga mizuri yenye rangi ya njano na nembo ubavuni. Ripoti niliiandika mimi mwenyewe: walengwa wote wamefikiwa. Miaka miwili baadaye nilipita kijiji kile kwa shughuli nyingine, nikakaribishwa kwa mama mmoja, na kuku wake walikuwa wakitagia ndani ya mzinga wenye nembo. Mayai yalikuwa mengi. Nilikula mawili. Warina asali wa kijiji kile walikuwa bado wanatumia magome juu ya miti ile ile, kama walivyokuwa kabla yetu, na hakuna siku hata moja tuliyowahi kuwauliza walikuwa wanaiuza wapi asali yao.

Mwaka 2020 ulikuja na mtihani ambao hakuna mtathmini angeweza kuupanga. Lesotho ilifunga mipaka mwishoni mwa Machi. Kisa chake cha kwanza cha korona kilithibitishwa Mei 13, ikiwa nchi ya mwisho barani Afrika kutangaza kisa. Wageni walikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Nyumba za wageni zilikaa tupu na waongozaji walirudi majumbani mikono mitupu. Hakuna haja ya kulipunguza hilo, watu waliumia. Lakini farasi wa mwanakijiji hakuwa amepoteza kazi. Gunia la mahindi lilikuwa bado linahitaji kwenda mashine. Mipaka ilipofunguliwa, hapakuwa na haja ya kuomba fungu la kununua kundi jipya. Farasi walikuwa pale pale, wamechoka kidogo, wakila majani.

Kinachonitia shaka kwa siku za mbele si ugonjwa wala wafadhili. Ni lami. Mkataba wa maji wa 1986, uliozaa bwawa la Katse lenye ukuta wa mita 185, ulileta barabara milimani, na nyingine zimefuata. Hata Semonkong, iliyokuwa safari ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi, sasa inafikika kwa gari dogo. Mgeni anafurahi. Mwanakijiji naye anafurahi, na ana haki: mgonjwa wake anafika hospitali. Lakini kila teksi inayofika kijijini inampunguzia farasi kazi moja. Siku zile kazi nyingine zitakapokwisha, farasi atabaki na mgeni peke yake, na hapo Malealea itakuwa imegeuka Molimo Nthuse bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo. Swali la nani atamlisha Julai litarudi mezani.

Tanzania nasi tulionja tofauti hiyo kati ya kilichokuwepo kabla ya mgeni na kilichoanzishwa kwa ajili yake. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Uholanzi la SNV lilisaidia kuanzisha programu ya utalii wa utamaduni vijijini: Ng'iresi, Longido, Mto wa Mbu na kwingineko. Lilipojiondoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ikaangukia Bodi ya Utalii na vikundi vyenyewe. Mto wa Mbu uko njiani kwenda Manyara na Ngorongoro, na mashamba ya migomba yalikuwepo kabla ya mgeni. Umestawi. Vikundi vilivyokuwa mbali na njia, vilivyoanzisha kitu kwa ajili ya mgeni tu, sihitaji kukuambia.

Kama una safari ya huko kusini, nenda. Vuka mpaka Maseru na sweta ndani ya begi hata kama ni Novemba. Panda Malealea au Semonkong, siku mbili angalau, maana siku ya kwanza mapaja yanauma tu na huoni kitu. Uliza farasi ni wa nani, na fedha zinamfikia vipi. Mwombe mwongozaji aondoe tandiko uone mgongo kabla hujapanda. Hatachukia, na akichukia umepata jibu. Na kama uzito wako pamoja na tandiko unapita kilo 70, sema ukweli mapema ili utafutiwe farasi mkubwa, au tembea kwa miguu kando yake. Maporomoko yanaonekana vizuri hata kwa mtu anayetembea.